Namba ya NIDA Tayari Ina Tarehe ya Kuzaliwa: Kwa Wasanifu wa Mifumo ya Serikali

Malalamiko mengi yanayotufikia hapa Mamlaka ya Serikali Mtandao kuhusu mifumo ya taasisi za umma hayahusu mtandao kukatika. Yanahusu mwananchi kuulizwa mambo ambayo Serikali inayajua tayari.

Nichukue fomu moja niliyoikuta kwenye andiko la mradi, taasisi siitaji. Kisanduku cha kwanza kinataka namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa. Cha pili, majina matatu. Cha tatu, tarehe ya kuzaliwa. Chini kabisa: pakia nakala ya kitambulisho. Ndugu msanifu, namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mtu. Umemuuliza jambo moja mara tatu. Akiandika "Athuman" wakati NIDA wana "Athumani", mfumo unamkataa, naye anapanda basi hadi wilayani kusahihisha kosa ulilolitengeneza wewe.

Taarifa hizo zichukuliwe kwa mwenye nazo, kupitia mfumo wa Serikali wa kubadilishana taarifa, GovESB. Tunajua kuunganisha kunahitaji barua, makubaliano na subira. Hiyo si sababu ya kumhamishia mwananchi kazi yako.

Kwa kuwa namba hiyo inabeba tarehe ya kuzaliwa, isichapishwe kwenye risiti, isiwekwe kwenye anwani ya ukurasa, wala isitumike kama neno la siri la kuanzia. Hili la mwisho bado tunalikuta, na sijui nani alilifundisha.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo wengi huteleza. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya Mwaka 2019 inataka taasisi iwe na kamati ya kusimamia TEHAMA, na mradi uwasilishwe kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kabla ya utekelezaji. Neno ni *kabla*. Andiko lianzie kwenye kamati yenu, lipate baraka za mkuu wa taasisi, ndipo lije. Lieleze tatizo, mifumo iliyopo inayogusana nalo, mchoro wa usanifu, mahali taarifa zitakapohifadhiwa, na nani atauendesha mfumo mzabuni akishaondoka. Likija wakati mkataba umeshasainiwa, hamuombi ushauri tena, mnaomba msamaha. Na mkataba wenyewe useme wazi kwamba sosi kodi (maandishi ya programu yenyewe) na nyaraka zake ni mali ya taasisi, zikabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho, si baada yake.

Kuna dhana kwamba ulinzi wa taarifa ni kazi ya mwanasheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wakusanyaji na wachakataji wa taarifa, na wote wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayefichua taarifa kinyume cha sheria, akiwa mtu binafsi, anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au taasisi, faini inaanzia shilingi milioni moja na inaweza kufika bilioni tano. Hatuandiki haya kumtisha mtu. Tunayaandika kwa sababu kisanduku ambacho hukukiweka kwenye fomu hakiwezi kuvuja.

Kuhusu malipo sitasema mengi: tumieni GePG, mfumo wa Serikali wa kupokea malipo, msijenge njia yenu. Ila kupata kontrol namba ni nusu ya kazi. Mfumo wako lazima upokee taarifa ya malipo, ujibu kwamba umeipokea, uvumilie ikija mara mbili, na ulinganishe hesabu kila siku. Yule anayesimama dirishani na ujumbe wa benki mkononi huku kompyuta ikisema "haijalipwa" hakukosea kitu. Msanifu alisahau kishale kimoja cha kurudi kwenye mchoro wake.

Mwisho ni simu. Michoro tunayoletewa huwa na kompyuta ya mezani na simu janja, basi. Mwenye kiswaswadu hayumo, ingawa *152*00#, namba ya kupata huduma za Serikali kwa simu yoyote, ipo kwa ajili yake na inafanya kazi bila bando. Si kila huduma inaweza kupita huko, tunakubali; kupakia ramani ya kiwanja kwa kitochi haiwezekani. Lakini kuuliza ombi limefikia wapi kunawezekana, na ndilo swali linalojaza foleni ofisini kwenu. Andikeni kwenye andiko ni hatua zipi zitapatikana kwa njia hiyo na zipi hazitapatikana, pamoja na sababu. Andiko lisilo na sehemu hiyo mimi hulirudisha.