Doa la Arusha halitoki kwa mswaki

Wiki jana aliingia kijana wa bodaboda kutoka Maji ya Chai. Hajakaa sawasawa kwenye kiti, midomo ameshaifunua. "Dokta, nisugulie haya. Mimi nimeshindwa."

Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, yenye michirizi myeupe kama chokaa. Kwa huku kwetu Arusha hiyo si habari. Habari ilikuwa kwenye chonge la juu, upande wa kushoto. Ufizi ulikuwa umejivuta juu kama milimita tatu, na pale mzizi ulipobaki uchi palichimbika mfereji, mithili ya mti uliokatwa panga mara moja ukaachwa. Nilipopitisha ncha ya kifaa, ikanasa. Nilipopuliza hewa kidogo, akaruka.

"Unapiga mswaki na nini?"

"Ule mgumu, dokta. Na mkaa. Asubuhi dakika kumi, jioni kumi."

Sikumcheka, maana mimi mwenyewe nina meno ya Arusha. Nilipopelekwa shule ya bweni mkoa mwingine, wenzangu waliniuliza kama kwetu miswaki haiuzwi. Nikaanza kusugua kwa majivu, kwa hasira, alfajiri kabla wengine hawajaamka. Doa halikutikisika. Mfereji kama wa yule kijana ninao hadi leo, kwenye jino la pembeni, kushoto vilevile. Ni kawaida: anayeshika mswaki kwa mkono wa kulia mara nyingi huumiza upande wa kushoto, kwa kuwa ndiko mkono unakopata nafasi ya kuvuta kwa nguvu.

Doa hili si uchafu. Maji mengi yanayozunguka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano na kuchukua madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo kadhaa vya huku vinazidi hapo kwa mbali. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, yaani tangu uchanga hadi miaka 8 hivi, enameli yake, lile ganda gumu la nje ya jino, inakomaa ikiwa na vijitundu vingi ndani. Jino linaota likiwa na ukungu mweupe, kisha rangi inapenya humo na kuwa kahawia. Kulisugua ni sawa na kufua kitenge ukitegemea maua yatoke.

Tena enameli ni ngumu kuliko mfupa, kwa hiyo kwa muda inavumilia ubishi wako. Lakini enameli inaishia shingoni mwa jino. Kuanzia hapo kwenda chini ni mzizi, ambao umeundwa kwa kitu laini zaidi kiitwacho dentini, na kinachoukinga ni ufizi. Mswaki mgumu ukipelekwa mbele na nyuma kama msumeno unausukuma ufizi kidogo kidogo, na mkaa au majivu yanamalizia kazi kwa kukwangua dentini. Dentini ina vijitundu vinavyoelekea kwenye neva. Ndiyo maana maji ya baridi yanakutia ganzi mpaka unafumba jicho. Na ufizi uliojivuta haurudi wenyewe. Majeraha mengine ya mdomoni hupona haraka ajabu, hili hapana.

Basi mswaki ni wa nini? Ni wa kuondoa ukoga, ule utando laini unaouhisi kwa ulimi asubuhi. Ukoga unatoka kwa kuguswa tu. Ukiachwa siku kadhaa huganda ukawa mgumu, ndio ugaga, na ugaga ni kazi yangu mimi na vifaa vyangu, usihangaike nao nyumbani.

Njia ninayofundisha inatokana na ile iliyoelezwa katikati ya karne iliyopita na Charles Bass, daktari wa New Orleans, Marekani, ambaye wala hakuwa daktari wa meno. Nunua mswaki laini. Ushike kwa vidole kama kalamu, usiukabe kama mpini wa jembe. Ulaze pale jino linapokutana na ufizi, umeinama nyuzi 45, manyoya nusu yakigusa jino na nusu yakichungulia chini ya ukingo wa ufizi. Tikisa papo hapo, mitikisiko mifupi, meno mawili mawili, kisha fagia kuelekea ncha ya jino. Dakika mbili zinatosha mdomo mzima. Manyoya yakipinda ujue umezidisha nguvu. Nikiona mswaki wa mwezi mmoja umetawanyika kama ufagio wa chelewa, sihitaji kuuliza zaidi.

Mswaki wa mti siupingi. Utafune mpaka ncha iwe laini kweli, na usiuchokonoe kwenye fizi.

Kuna wanaokosea kwa upande wa pili. Mama mmoja muuza nyanya aliniambia, "Mwanangu, nikipiga mswaki natema damu, nimeacha." Nikamwambia, mama, damu inatoka kwa sababu ya ukoga uliolala pembeni mwa ufizi, na ukiacha kupiga unauongezea. Piga taratibu hapohapo panapotoka damu, mara mbili kwa siku. Mara nyingi inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua njoo, huenda kuna ugaga chini ya ufizi, au pengine ni kisukari.

Halafu huwa naulizwa: kama floraidi ndiyo iliyotuharibu, dawa ya meno yenye floraidi ya nini? Jino lililokwisha kuota haliwezi kupata doa hilo tena, na floraidi ya kwenye dawa inalikinga lisitoboke. Mtu mzima aweke kiasi cha punje ya njegere. Mtoto wa chini ya miaka mitatu punje ya mchele, akiwa na mkubwa wa kumsimamia ateme. Kwa watoto chunga zaidi maji: kuchemsha hakuondoi floraidi, tena maji yakipungua sufuriani inakolea. Maji ya mvua ni afadhali, au ya chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kimelifanyia kazi miaka mingi. Na maharage ya mtoto yaive bila magadi, maana nayo hubeba floraidi, hata kama kuni zitaisha.

Kijana wangu nilimziba mfereji, ganzi ikakata. Madoa tulikubaliana tuyaangalie baadaye, kwa vifaa vya kliniki. Nilipompa mswaki laini aliubonyeza kwa kidole gumba, akaniangalia kama nimempunja. Jana alipita kuonyesha fizi, hazina tena ule wekundu. Nikamuuliza ule mgumu uko wapi. Anasafishia mnyororo wa pikipiki.