Kuchagua intakula ya gari la turbo kwa joto la Tanga na mlima wa Lushoto

Kaskazi ikianza kuvuma na joto la mchana hapa Tanga likafika nyuzi 32 au 33, swali moja huingia gereji kuliko mengine yote: "Fundi, gari limekuwa zito, niwekee intakula kubwa." Intakula ni kile kifaa cha kupoza hewa kinachokaa kati ya turbo na injini. Mimi humrudishia mwenye gari maswali mawili. Hewa inayotoka kwenye intakula uliyonayo ina joto kiasi gani? Na ikipita humo ndani inapoteza presha kiasi gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua intakula. Ukubwa wake, mng'ao wake na jina lililopigwa muhuri ubavuni ni mambo ya baadaye sana.

Turbo, ile feni inayosukuma hewa kwa nguvu kwenda kwenye injini, ikikandamiza hewa, hewa hupata moto. Hilo halikwepeki hata kwa turbo mpya kabisa. Chukua hewa ya nyuzi 32, isukume kwa bar 1 juu ya presha ya kawaida, kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Upande wa pili hewa hiyo inatoka ikiwa na nyuzi 127 hivi. Intakula inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka itaifikisha injini ikiwa na nyuzi 60. Ile inayoondoa nusu tu itaifikisha ikiwa na karibu nyuzi 80. Katika viwango hivyo, kila nyuzi 10 za ziada zinapunguza uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda kwa takriban asilimia 3. Kwa hiyo nyuzi 20 ni asilimia 6 ya nguvu, na hapo bado hatujagusa jambo ambalo mimi naliona zito zaidi, yaani injini kugonga.

Magari mengi ya turbo tunayoagiza kutoka Japani, hasa yale ya mbio kama Impreza WRX STI, yalipangiwa taimingi, yaani wakati wa kuwasha mafuta, kwa petroli ya hali ya juu ya kule kwao, yenye okteni (kipimo cha kustahimili kugonga) karibu 100. Ukiyalisha petroli ya chini ya hapo na hewa ya nyuzi 80, mafuta yanaanza kujilipukia kabla ya wakati wake. Sensa inasikia, kompyuta inarudisha taimingi nyuma, na wewe unahisi gari limechoka. Likiendelea kulazimishwa, pistoni zinapasuka kingo. Ndiyo maana kwetu sisi wa pwani intakula nzuri naiona kwanza kama kinga ya injini. Nguvu inayoongezeka ni faida ya pili.

Sasa upande wa presha. Kuna intakula zinazopoza vizuri sana kwa sababu mapezi ya ndani, vile vibati vyembamba vya kupozea, yamebanana mno, lakini hewa inapita kwa shida. Tuseme inakula bar 0.2. Ili injini ipate bar 1 ile ile, turbo italazimika kusukuma bar 1.2, na hewa itakayotoka kwenye turbo itapanda kutoka nyuzi 127 hadi kama 142. Umenunua kifaa cha kupoza, kisha umeipa turbo kazi ya kuchemsha zaidi na kuzunguka kwa kasi zaidi. Mimi intakula ikipoteza chini ya bar 0.1 gari likiwa limekanyagwa mpaka mwisho, naikubali. Ikifika bar 0.15 naanza kutafuta nyingine.

Kupima si kazi ya maabara. Toboa nafasi ya mpira mwembamba kwenye bomba kabla ya intakula na nyingine baada yake, funga geji ya presha kila upande, toka hadi Pongwe na mtu pembeni wa kusoma namba, ukanyage gia ya tatu mahali ambapo barabara ni nyeupe. Kwa joto, watu wengi wananiletea simu yenye programu iliyounganishwa na kifaa cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari, na kuniambia, "Fundi, joto la hewa linasoma 38, liko safi." Kwenye Subaru nyingi zenye injini ya EJ20 sensa hiyo ya joto imo ndani ya sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia, kwenye boksi la filta, kabla ya turbo. Inakusomea hewa ya nje iliyopashwa kidogo na injini, na haijui lolote kuhusu kinachotokea baada ya turbo. Ukitaka ukweli, weka kipima joto chenye waya kwenye bomba la kutokea intakula. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko hozi moja ya silikoni.

Ukishapima, mara nyingi utagundua kwamba hununui kitu. Forester na Impreza za turbo zina intakula juu ya injini, inayopata upepo kupitia mdomo wa boneti. Chini ya boneti kuna mpira unaobana kati ya mdomo huo na intakula ili upepo wote upite kwenye mapezi. Magari yakizeeka mpira unakauka, unapasuka, au fundi wa rangi anautoa na kusahau kuurudisha. Upepo unapita pembeni, na intakula inakaa juu ya injini ya moto bila kupozwa. Mpira mpya, mapezi yaliyonyooshwa moja moja, na sehemu ya ndani iliyosafishwa ule ute wa oili unaoletwa na hewa ya kankesi (chini ya injini penye oili), vinarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Baada ya hapo ziba mabomba, jaza hewa ya kompresa hadi bar 1, pakaza maji ya sabuni kila kiungo. Ukiona povu, umempata mwizi. Kwa gari lenye sensa ya hewa, mwizi huyo ana madhara mawili, kwani hewa iliyokwisha kupimwa ikivuja njiani, kompyuta inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo. Gari linatoa moshi mweusi, linakula petroli, na mwenyewe anadhani turbo imekufa.

Tuseme yote hayo yako sawa na joto bado liko juu, au umeongeza presha ya turbo na intakula ya kiwandani imezidiwa. Hapo tuchague.

Cha kwanza ni mahali itakapokaa. Intakula ya juu ya injini ina njia fupi na turbo inajibu haraka, lakini gari likisimama inafyonza joto la injini. Mtu anayetoka Segera kuja mjini anajua matuta ya vijijini yalivyo, na ile mipaka ya kilomita 50 kwa saa kila penye makazi. Unapunguza hadi kukaribia kusimama, unapanda tuta, unakanyaga. Kila unapopunguza, intakula ya juu inapashwa moto, na kila unapokanyaga unaanza na hewa moto. Intakula ya mbele, nyuma ya bampa, haina ugonjwa huo. Lakini maoni yangu, na nimeshawakatalia wateja kwa sababu hii, ni kwamba Forester ya presha ya kiwandani haihitaji kuhamishiwa intakula mbele. Chukua ya juu iliyo kubwa zaidi, kwa mfano ile ya STI inayoingia kwa marekebisho madogo, rekebisha mpira wa boneti, basi. Ya mbele ina maana ukivuka farasi 300, au gari lako likiwa tayari na intakula ndogo iliyofichwa kwenye kona mbele ya tairi, kama zile Toyota Chaser na Mark II zenye injini ya 1JZ-GTE.

Kuna pia za kupozwa kwa maji, kama iliyokuja na Toyota Celica GT-Four ya toleo la ST205. Zinafaa mahali pafinyu na kwa mbio fupi. Kwa safari ndefu kwenye joto letu, maji yake yenyewe yanapata moto na yanachelewa kupoa, tena una pampu na rejeta ya ziada ya kuhudumia. Simshauri mtu wa matumizi ya kila siku.

Kiini chenyewe, yaani ile sehemu ya kati yenye mapezi, tazama kwanza eneo la uso wake, yaani urefu mara kimo, kwa sababu huko ndiko upepo mbichi unakoingia. Unene unadanganya. Upepo ukishapita milimita kadhaa za mwanzo umekwisha pata joto, na sehemu ya nyuma ya kiini kinene inapozwa na hewa iliyokwisha chemka. Mtu akiniletea yenye unene wa milimita 100, namwambia tafuta ya 65 iliyo pana zaidi. Kwa gari la farasi 220 hadi 280 mimi huanzia kwenye kiini cha milimita 550 kwa 180 kwa 65, halafu naangalia nafasi iliyopo. Muuzaji akikutajia uwezo wa intakula kwa kilo za hewa, kumbuka injini ya petroli ya farasi 300 inameza kama kilo 13 hadi 14 za hewa kwa dakika. Tazama pia vichwa vya pembeni, vile vinavyopokea na kutoa hewa. Vikiwa vimekunjwa kwa bati lenye kona kali, hewa inakimbilia mirija michache na mingine inakaa bure.

Kuna viini vya mirija myembamba na kuna vya tabaka za vyuma bapa. Vya tabaka ni vizito, vinastahimili kokoto, na vinabeba joto la mkanyago mmoja mrefu bila kupanda haraka. Vya mirija ni vyepesi, vinapoa upesi, na vinapitisha upepo mwingi zaidi kwenda kwenye rejeta iliyo nyuma. Kwa anayekimbiza gari kwenye barabara za vumbi za mashamba ya mkonge naweka vya tabaka. Kwa anayeishi Lushoto naweka vya mirija, na sababu ni ule mlima.

Mombo iko mita 400 na kitu juu ya bahari, Lushoto karibu 1,400, na katikati ni kilomita zaidi ya 30 za kona. Gari liko gia ya pili, turbo inasukuma muda wote, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa mbele ni haba. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na huko juu presha yake ni pungufu kwa kama asilimia 15, hivyo turbo inafanya kazi zaidi kutoa matokeo yale yale. Sasa funika rejeta na kondensa ya AC kwa intakula nene ya mbele. Nimepokea magari yaliyochemsha kwenye kona hizo siku chache tu baada ya kufungiwa intakula kubwa mahali pengine, injini zenyewe zikiwa nzima kabisa. Ukifunga ya mbele kwa mtu wa njia hii, chagua yenye kimo kidogo ili nusu ya rejeta ibaki wazi, acha nafasi ya vidole viwili kati yake na kondensa, ziba pembeni kwa bati jembamba au mpira ili upepo usikwepe, na hakikisha feni na ganda lake vinavuta sawasawa.

Wenye dizeli wana bahati zaidi. Land Cruiser ya mfululizo wa 80 yenye injini ya 1HD-T ilitoka kiwandani bila intakula kabisa. Kuiwekea moja ya kiasi kunashusha joto la ekzosi mlimani, kunapunguza moshi, na kunaongeza maisha ya vichwa vya injini na pistoni, hata kama hutagusa pampu ya mafuta. Ukiongeza mafuta, hesabu inaanza upya na geji ya joto la ekzosi inakuwa lazima.

Wengi wetu tunanunua iliyotumika, Gerezani au Kariakoo. Ichungulie ndani kwa tochi. Oili nyepesi inasafishika. Lakini ukiona chembe za chuma, iache hapo hapo hata wakikupa bure, maana imetoka kwenye gari lililopasukiwa turbo, na chembe zilizojificha kwenye mapezi ya ndani zitatoka siku moja kuingia kwenye silinda zako. Ziba mdomo mmoja, itumbukize kwenye beseni la maji, ipe bar 1.5, angalia mapovu. Kwa sisi tunaokaa Raskazone na kando ya bahari kuna la ziada. Chumvi inakula alumini, na inakula haraka zaidi pale alumini inapogusana na breketi ya chuma. Weka mpira kati yao, na osha uso wa intakula kwa maji baridi ya presha ndogo mara kwa mara. Ukitaka kuipaka rangi, puliza tabaka jembamba tu. Rangi nzito inaifunika kama blanketi.

Mabomba ya inchi 2 hadi 2.5 yanatosha kwa magari haya. Kila mwisho wa bomba uwe na ukingo ulioinuka, la sivyo hozi itachomoka siku utakapokanyaga sana. Tumia klampu za bolti badala ya zile za skrubu za kukata mpira, na acha viungo vya hozi vya kutosha kwa sababu injini inatikisika juu ya mauntini, ile mipira inayoishikilia, na bomba gumu likigusa chesisi litatoboka. Kwa dizeli, hozi za silikoni za bei rahisi zinapitisha oili na kulainika, kwa hiyo uliza kama zina utando wa ndani wa kuzuia mafuta.

Ukihamisha intakula kutoka juu kwenda mbele, gari lirudi kwenye kompyuta lipangwe upya. Njia ya hewa imebadilika, na valvu ya kupumulia presha huenda imehamia mahali pengine. Tembea nalo wiki moja kwa utaratibu, kaza klampu zote tena injini ikiwa baridi, rudia jaribio la sabuni, kisha funga geji zako na upande nalo Lushoto mchana wa jua. Joto la kutokea intakula likibaki ndani ya nyuzi 30 juu ya hewa ya nje na geji ya maji isisogee, kazi imefungwa sawasawa.