Viwavi wa hariri chini ya makuti na bati: mradi wa sayansi kwa shule za Mtwara na Lindi

Walimu wa sayansi wanaonijia kuomba ushauri kuhusu viwavi wa hariri huwa na wazo moja, nalo ni kuonesha yai, kiwavi, pupa na nondo kwenye ubao wenye picha na mishale. Sina ugomvi na ubao huo, ila jibu lake limo tayari kitabuni na mwanafunzi hakuuliza chochote. Nimefuga wadudu hawa hapa Mtwara kwa misimu kadhaa, na swali ninalopenda shule zetu ziliulize ni hili: je, kiwavi aliyelelewa chini ya paa la makuti hufuma hariri nyingi kuliko ndugu yake aliyelelewa chini ya bati?

Swali hilo lina msingi. Mwili wa mdudu hufuata joto la mahali alipo, na viwavi wadogo hustawi kwenye nyuzi joto 26 hadi 28, ilhali wakubwa hupendelea 23 hadi 25. Joto likizidi 30 kwa muda mrefu, kiwavi hukua haraka, siku zake za kula hupungua, magonjwa humwandama, na kifuko anachofuma huwa chepesi. Chumba cha bati saa nane mchana hufika huko bila taabu, hata katika miezi tunayoiita ya baridi.

Kabla ya mayai, uwepo mforosadi. Kiwavi huyu hali mwarobaini wala mpapai. Kwa maelfu ya miaka tangu Wachina walipomfuga, majani ya mforosadi ndiyo chakula chake. Pandeni pingili za urefu wa sentimita 20 hivi, zenye macho matatu au manne, mvua zinapoanza mwezi Desemba, na ifikapo Julai mtakuwa na majani ya kuanzia. Kiwavi mmoja hula takribani gramu 25 za majani maishani mwake, na zaidi ya nne kwa tano ya hizo huzila katika rika la mwisho, yaani wiki ya mwisho kabla ya kufuma. Kwa viwavi 60, pamoja na yatakayonyauka, tayarisheni kilo mbili na nusu. Shule nyingi huishiwa majani katika wiki hiyo ya mwisho, baada ya kudanganywa na ulaji mdogo wa wiki tatu za mwanzo.

Sasa nifike kwenye jambo lililowahi kuniliza. Viwavi huchukua karibu wiki nne tangu kuanguliwa hadi kufuma, na kwa kuwa Juni shule zimefungwa na kiwavi hajui likizo, Julai ndio mwezi unaofaa, tena ndio wenye ubaridi. Bahati mbaya huo pia ni msimu wa kupulizia mikorosho, salfa ya unga kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga na viuatilifu vya maji kwa ajili ya wadudu waitwao mbu wa mikorosho. Mwaka wangu wa pili niliwachumia viwavi wangu majani kutoka mti uliokuwa pembeni mwa shamba lililopuliziwa siku iliyotangulia. Kufikia jioni walikuwa wameinua vichwa, wanajinyonganyonga na kutapika maji ya kijani, na asubuhi nilizoa maiti. Kosa lilikuwa langu, si la mwenye shamba.

Kwa hiyo pandeni mforosadi upande unakotoka upepo wa kusi, ili vumbi la mikorosho lipeperushwe mbali nao. Majani yoyote mapya wapeni kwanza viwavi watano waliotengwa, msubiri siku nzima, ndipo muwape wengine. Kuyaosha husaidia kidogo tu, na yakiliwa yakiwa na maji huleta maradhi.

Mayai yatafuteni kupitia afisa kilimo au taasisi ya utafiti, na msiyaagize kutoka nje ya nchi bila kibali. Ulizeni pia kama ni ya aina inayolala, kwani mayai ya namna hiyo hayaanguliwi mpaka yapitie kipindi cha baridi. Yasiyolala huanguliwa kwa siku kumi hivi.

Viwavi wote waleleweni pamoja mpaka wajivue gamba mara ya tatu (siongelei siasa; kiwavi hujivua mara nne, na kila mara hubadilika kweli). Hapo chagueni 60 walioanguliwa siku moja, wagaweni kwa kura katika trei sita za viwavi kumi kumi, tatu ziende banda la makuti na tatu darasa la bati. Trei moja kila upande haitoshi, kwa sababu sisimizi wakivamia moja mtadhani ni joto. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji. Pande zote mbili zipate majani ya mti mmoja, kwa uzito uleule na saa ileile, na kipimajoto kisomwe asubuhi, saa nane na jioni. Makuti hubadilisha pia unyevu wa hewa, hivyo nao uandikwe. Mwanafunzi akiusahau, jaji makini wa maonesho ya sayansi atauliza.

Kiwavi hufuma kwa siku mbili au tatu. Siku ya saba au ya nane tangu aanze, pimeni uzito wa kifuko kizima, kisha kipasueni kwa wembe taratibu, mtoe pupa na kupima ganda peke yake. Ganda huwa kama sehemu moja ya tano ya uzito wote, na uwiano huo ndio kipimo chenu kikuu. Mizani ikiwa haisomi vipande vya gramu, pimeni maganda kumi kwa pamoja.

Maganda hayohayo hutoa mradi wa kemia: yachemsheni kwenye maji ya sabuni na magadi, yakausheni, mpime tena. Karibu robo ya uzito hupotea, nayo ni serisini, gundi inayoshikanisha nyuzi. Kinachobaki ni fibroini, protini ya hariri yenyewe.

Wachache waacheni watoke wakiwa nondo. Mwaka 1959 Adolf Butenandt na wenzake nchini Ujerumani waliitambua bombikoli, harufu ambayo jike humwitia dume, baada ya kutumia majike wapatao nusu milioni. Shule inahitaji majike wawili tu: mmoja ndani ya chupa angavu iliyofungwa, mwingine chini ya kipande cha chandarua. Waleteni madume karibu na kila mmoja na mhesabu wanaopiga mabawa, ijulikane kama wanafuata macho au harufu. Nondo hawa hawaruki wala hawali, kwa hiyo boksi la viatu linawatosha.

Ratiba hii ikianza Julai mosi, vifuko huwa tayari karibu na maonesho ya Nanenane pale Ngongo, Lindi. Pupa mliowatoa wapeni kuku.