Makusudi, neno linaloponza watu kwenye meseji

Sisi tunaofanya kazi ya kamusi kuna maneno tunaulizwa kila siku, na makusudi ni mojawapo. Maana yake wengi mnaijua, ni kufanya jambo kwa kudhamiria huku unajua kabisa unachofanya, kinyume chake ni bahati mbaya au bila kukusudia. Asili yake ni Kiarabu, qasd, yaani kunuia au kuelekea mahali, na kwetu likazaa kusudi, makusudio, kukusudia na wenzake.

Sasa hao ndugu kila mmoja ana kazi yake. "Amekusudia kuondoka" huenda bado kakaa hapo kwenye kiti, nia tu ndo ipo. "Ameondoka makusudi" huyo kashaenda, tena hapo unamlaumu, maana kwenye mazungumzo makusudi halipendi mambo mema, mtu akikwambia "kanisalimia makusudi" ujue hiyo salamu ilikuwa ya uchokozi. Kusudi nalo linafanya kazi mbili, "kanimwagia maji kusudi" hapo ni sawa na makusudi, ila "nimekaa mbele kusudi nisikie" hapo ni "ili", na ukiweka makusudi sentensi inakufia mkononi.

Balaa lenyewe liko kwenye kukanusha. Angalia hii: "Sikupokea simu yako makusudi." Aliyeandika anaomba radhi, alikuwa kalala hakusikia, anataka kusema sikufanya kusudi. Anayesoma anaelewa niliiona inaita nikaiacha. Na wote wawili wako sahihi! Ile si- imekaa kwenye kitenzi, makusudi yako huko mwisho, kwahiyo haijulikani kinachokanushwa ni kupokea au ni hayo makusudi. Mkiwa mnaongea sauti inasaidia, kwenye meseji hakuna sauti, mtu anasoma kwa hasira alizonazo siku hiyo.

Ukitaka kuomba radhi peleka ukanushi kwenye neno lenyewe, "sio makusudi, nilikuwa nimelala". Ukitaka kukiri litangulize, "makusudi kabisa sikupokea", hapo hata asiyekupenda hawezi kukuelewa vibaya. (Na tafadhali sio "maksudi", ile u tunaimeza tukiongea lakini kwenye maandishi ipo.) Kama ile ya kwanza ulishaituma na mtu kakununia, muulize kwanza kaisomaje.