Nyumba kando ya mto huanzia kwenye kimo cha sakafu

Mtu anayetaka nyumba ya kisasa ukingoni mwa mto huja kwetu na picha: vioo vipana, baraza inayotazama maji, paa bapa. Sisi humwuliza jambo ambalo picha haionyeshi. Maji yalipopanda kuliko wakati wowote, yalifika wapi? Alama zipo kwenye mashina ya miti na kuta kuukuu, na wazee wa hapo wanazikumbuka.

Nyumba ya Farnsworth, iliyosanifiwa na Ludwig Mies van der Rohe kando ya mto Fox, Illinois, Marekani, ilikamilika mwaka 1951. Sakafu yake iliinuliwa kwa nguzo za chuma takriban mita 1.6 kutoka ardhini. Mwaka 1954 maji yaliingia ndani. Mwaka 1996 yalivunja hata vioo. Kuinua nyumba lilikuwa wazo sahihi. Kilichopungua ni kimo.

Maneno "mafuriko ya miaka 100" yamewaponza wengi. Mtu hudhani yakishapita mwaka huu, wajukuu ndio watakaoyaona tena. Sivyo. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na katika miaka 30 uwezekano wa kuyapata walau mara moja hufikia kama asilimia 26. Ndiyo maana tunapandisha sakafu juu ya kimo ambacho mafuriko hayo hufikia, kisha tunaongeza walau nusu mita kwa ajili ya mawimbi na, tuseme ukweli, kwa ajili ya makosa ya hesabu zetu wenyewe.

Chini ya sakafu hiyo pawe wazi. Ukipaziba kwa ukuta usio na matundu, maji ya kina cha mita 1 yakisimama upande mmoja husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 500 hivi. Kina kikifika mita 2, nguvu inakuwa mara nne, karibu tani 2. Acha maji yaingie na yatoke. Nguzo za mviringo huyapisha vizuri kuliko za pembe, lakini misingi yake ishuke chini kuliko mkondo unavyoweza kuchimba. Nguzo nyingi huanguka kwa kuchimbuliwa chini, si kwa kuvunjika.

Meinswichi na soketi zikae juu, nyaya zishuke kutoka darini. Bomba la maji taka liwekewe valvu ya kuzuia yasirudi chooni. Tangi la chini ya ardhi lifungwe kwenye zege, kwa sababu udongo ukilowa, tangi tupu huibuka kama boya.

Ngazi kuu, ambayo michoro mingi huielekeza mtoni kwa ajili ya mandhari, tunaigeuza ielekee mwinuko. Nyumba ikibaki kavu huku imezingirwa na maji, waliomo watahitaji kutoka kwa miguu.