Lemna, aspirini na maua: dhana potofu na ukweli

Dhana: vijani vinavyoelea kwenye mabwawa ya huku kwetu Dodoma havitoi maua.
Ukweli: vikiwa lemna, mimea midogo inayoelea majini, hutoa, ingawa mara chache, maana huzaliana zaidi kwa kuchipuza. Ua lake lataka kioo cha kukuza.

Dhana: lemna huchanua kwa urefu wa mchana tu.
Ukweli: mchana una nguvu, ingawa Dodoma siku ndefu na fupi hupishana dakika kama 40 tu. Mwaka 1974, watafiti Cleland na Ajami walitambua asidi ya salisiliki (ndugu wa aspirini) katika majimaji matamu ya vidukari waliofyonza gugu la Xanthium. Asidi hiyo iliichanuza Lemna gibba, aina moja ya lemna, hata mchana ulipokuwa mfupi kuliko inavyohitaji.

Dhana: fomula ikifanana, kazi hufanana.
Ukweli: hapa ndipo kemia inaponoga. Salisiliki ni C7H6O3: pete ya benzini (kaboni sita) iliyobeba kundi la kaboksili (COOH), na la haidroksili (OH) jirani yake kabisa. Ukiisogeza haidroksili nafasi moja au mbili kuzunguka pete, atomi zinabaki zilezile, uzito uleule, lakini lemna haichanui. Makundi hayo yakikaa jirani hushikana kwa bondi ya haidrojeni, asidi inakuwa kali zaidi, na kwa pamoja yanaweza kunasa ayoni za chuma. Wengine walidhani siri iko kwenye huo unasaji. Lakini asidi ya benzoiki haina haidroksili hata moja, nayo huchanuza lemna. Nikotiniki, ile vitamini B3 yenye naitrojeni ndani ya pete, vilevile. Kwa hiyo mwalimu anayesema umbo moja ndilo lenye kazi anarahisisha mno.

Dhana: basi salisiliki ndiyo homoni ya maua.
Ukweli: hapana. Majimaji ya vidukari yalikuwa nayo, Xanthium iwe imechanua au haijachanua. Ishara inayotoka jani hadi kwenye ncha ya chipukizi ni protini iitwayo FT, na ushahidi wake ulikamilika mwaka 2007.

Dhana: aspirini iliyosagwa itachanuza mizabibu.
Ukweli: aspirini imeichanuza lemna maabara, kweli, kwa kuwa ni ndugu wa salisiliki. Mzabibu wa Hombolo, huku Dodoma, si lemna: vichala vyake huanza kuumbika ndani ya tumba kabla mkulima hajapogoa.