Haggis ni nini, na mgeni wa Uskoti aile vipi?

Haggis ni chakula cha Uskoti kinachotengenezwa kwa moyo, maini na mapafu ya kondoo. Nyama hizo huchemshwa, husagwa, kisha huchanganywa na oti, vitunguu maji, shahamu, chumvi na viungo. Mchanganyiko huo hushindiliwa ndani ya mfuko wa tumbo la kondoo, mdomo ukafungwa, na wote ukachemshwa tena polepole. Siku hizi mabucha mengi hutumia ngozi ya soseji badala ya tumbo lenyewe, lakini kilichomo ni kilekile.

Wageni wengi wakisikia maelezo hayo hukunja uso. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kufanya hivyo. Aliyekulia kwenye nyumba inayopika supu ya utumbo, au aliyewahi kusimama kando ya jiko la mutura jioni jijini Nairobi, anajua kwamba mnyama akichinjwa hakuna cha kutupa. Uskoti nako mambo yalikuwa hivyo. Nyama za ndani huharibika upesi kuliko mnofu, kwa hiyo ilibidi zipikwe mapema, na tumbo la mnyama likawa chungu kilicho tayari. Oti nayo ndiyo nafaka iliyostahimili baridi na mvua za nchi ile mahali ambapo ngano ilishindwa. Ukitazama haggis kwa jicho hilo, unaona kabisa ardhi na hali ya hewa iliyoizaa.

Ladha yake ndiyo huwashangaza watu. Wengi hutarajia kitu cha kunata na chenye harufu ya utumbo. Ukiupasua ule mfuko, mvuke hutoka kwanza, halafu nyama inamwagika ikiwa imechambuka, nyeusi kidogo, kama kima kilichokaushwa vizuri. Punje za oti zimefyonza mafuta yote, nazo hutafunika chini ya jino. Na harufu yake si ngeni hata kidogo kwa mtu wa pwani: pilipili manga kwa wingi, mara nyingi na kungumanga, na baadhi ya mabucha huongeza basibasi. Kungumanga na basibasi hutoka katika tunda moja. La kwanza ni kokwa, la pili ni utando mwekundu unaolizunguka kokwa hilo. Aliyetembelea mashamba ya viungo Zanzibar amepasuliwa tunda hilo mbele ya macho yake.

Haggis haiji peke yake sahanini. Huandaliwa na “neeps” na “tatties”, nawe yashike maneno haya mawili kwa sababu menyu nyingi huyaandika bila maelezo. Tatties ni viazi mviringo vilivyopondwa. Neeps ni mzizi mnene wa jamii ya kabichi, wa njano ndani, wenye utamu wa mbali. Nao hupondwa kwa siagi. Ule utamu ndio unaotuliza ukali wa pilipili manga, kwa hiyo usile haggis kwanza na kuacha neeps pembeni. Chota vyote vitatu kwa pamoja.

Siku yake kubwa ni tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi Robert Burns mwaka 1759 katika kijiji cha Alloway. Mwaka 1786 Burns alitunga shairi la kuisifu haggis, akaipa cheo cha chifu wa jamii yake yote ya vyakula. Rafiki zake walikutana kumkumbuka mwaka 1801, miaka mitano baada ya kifo chake, na desturi ikaendelea mpaka leo. Haggis huingizwa ukumbini kwa zumari za mfuko, watu wakiwa wamesimama. Msomaji hulighani shairi lile kwa Kiskoti, akifika kwenye ubeti wa kisu huchoma mfuko palepale, na ukumbi mzima hulipuka kwa shangwe. Sisi tulio na mapokeo ya kughani tenzi hadharani tunaielewa furaha hiyo bila mkalimani. Ukiweza kuchagua mwezi wa safari, ustahimili baridi, nenda Januari.

Kwa Mwislamu, haggis ya kawaida haitoki kwa nyama ya halali, hivyo uliza kwanza. Zipo zinazotengenezwa kwa nyama ya halali, hasa Glasgow. Uliza pia kuhusu mchuzi, maana mikahawa mingi huimwagia haggis mchuzi wa krimu na wiski. Asiyekula nyama naye ana yake, ya maharage, dengu, mboga na oti, ambayo inauzwa tangu miaka ya 1980, na nadhani ni nzuri kwa haki yake yenyewe.

Wiski hiyo jina lake linatokana na Kigaeli, uisge beatha, yaani maji ya uhai. Kisheria haiwezi kuitwa ya Uskoti mpaka ikae ndani ya mapipa ya mwaloni huko huko Uskoti kwa miaka 3 au zaidi, na kileo chake kisipungue asilimia 40. Asiyekunywa pombe atakuta Irn-Bru kila duka, soda ya rangi ya chungwa ambayo Waskoti wanaipenda mno.

Ukibaki na nafasi tumboni, tafuta Cullen skink, supu nzito ya samaki wa moshi, viazi, vitunguu na maziwa kutoka mji wa Cullen, pwani ya kaskazini mashariki. Neno skink kwa asili lilikuwa muundi wa ng'ombe na supu yake, ndugu wa karibu wa makongoro yetu. Watu wa Cullen walikuwa wavuvi, wakatia samaki mahali pa mfupa.

Na mwenyeji akikwambia kwamba haggis ni mnyama mdogo wa milimani, mwenye miguu ya upande mmoja mifupi kuliko ya upande wa pili ili azunguke mlima bila kuanguka, hayo ni masihara yao kwa kila mgeni. Mwache amalize hadithi, kisha agiza sahani.